Ufa uliuona, uliandika wapi? Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza kazi serikalini

Wanangu,

Nawasalimu wote. Shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazitoa, maana najua wengi mtaisoma barua hii mmesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, na heshima itabidi isubiri mpaka mshuke.

Mimi ni mzee wa masjala. Miaka thelathini na mbili nimekaa katika kile chumba cha nyuma chenye makabati ya chuma, ambako barua hupokelewa, hupigwa muhuri wa tarehe, hupewa namba ya folio, yaani ya mfuatano wa karatasi, na kuingizwa kwenye jalada. Sikuwahi kuwa bosi wala kukalia kiti cha kuzunguka. Lakini karani wa masjala anajua jambo moja ambalo wakubwa wangependa asilijue: nani aliandika nini, lini, na nani alikaa kimya.

Kilichoniudhi hadi nikatafuta miwani ni mkutano wa wazazi wa juzi, katika shule ya msingi wanayosoma wajukuu zangu. Ukuta wa madarasa mawili umeanguka usiku wa mvua. Tumshukuru Mungu ilikuwa usiku. Mlinzi, mzee wa rika langu aliyekuwa amejibanza hapo asilowe, amevunjika mguu, na hadi leo yuko kitandani na vyuma kwenye paja. Basi tukaitwa. Akasimama kijana mmoja wa upande wa ujenzi, shati limenyooka, kitambulisho kinaning'inia kifuani, akasema ufa ule aliuona tangu Januari. Aliupiga picha. Akatoa simu, akatuonesha. Picha safi kabisa, hata kidole chake amekiweka pembeni ili upana uonekane. Tukamuuliza, ukampelekea nani? Akasema alimwonesha mkubwa wake walipokutana koridoni, naye akajibu, "Tutaliangalia." Uliandika? Hapana. Kwa nini? Akatabasamu.

"Mzee, ukiandika sana unaonekana msumbufu."

Na wazazi wakampigia makofi! Eti kwa kusema ukweli.

Usiku ule usingizi ulinipitia mbali. Nikawa namfikiria mwanamke mmoja wa Kimarekani ambaye karatasi zake nimezisoma kuliko nilivyosoma barua za ndugu zangu. Anaitwa Prudence Bushnell, balozi mstaafu. Msinielewe vibaya, siwauzii Marekani hapa. Huko mbele nitaisema pia. Ila mtumishi aliyeitwa msumbufu na bado akaandika nimemwona kwake waziwazi, tarehe kwa tarehe, na mtu wa masjala haachi jalada la namna hiyo lipite.

Alizaliwa 1946, mtoto wa mwanadiplomasia, akakulia Ujerumani, Ufaransa, Pakistan na Iran, akihama kila baba alipohamishwa. Aliingia utumishi wa mambo ya nje wa nchi yake mwaka 1981, ujana umeshaanza kumwacha, na akaingia kwa mlango ambao wengi wenu mnaudharau: utawala. Dakar, kisha Bombay ambayo leo ni Mumbai. Afisa utawala ubalozini ndiye anayehangaika na paa linalovuja, jenereta, nyumba za watumishi, madereva na mishahara yao. Wenzake wa siasa wanakaribishwa chakula na mawaziri, yeye anakagua matairi. Ninyi mkipangiwa utawala mnapiga simu nyumbani kulia. Mimi naamini, na hili ni la kwangu, kwamba kule ndiko alikojifunza kuutazama ukuta na kuona una nini.

Mwaka 1993 akawa mmoja wa manaibu wa mkuu wa idara ya Afrika kule Washington. Ishikeni ngazi hiyo vizuri. Si waziri, wala hata naibu waziri. Ni mtu wa katikati, kama mtakavyokuwa wengi wenu kwa miaka mingi, mwenye mtu juu yake na mwingine juu ya huyo.

Machi 1994 alikwenda Kigali kumhimiza Rais Habyarimana wa Rwanda atekeleze mkataba wa amani uliotiwa saini hapa kwetu Arusha, Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili Habyarimana alikuwa hapa Dar es Salaam mkutanoni. Akaondoka jioni na mwenzake wa Burundi, Ntaryamira, ndani ya ndege moja, na ndege ikatunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Sisi tuliamka na redio. Kumbe siku hiyohiyo yule mama alikuwa ameshaandika dokezo kwa waziri wake, Warren Christopher, kwamba kama ni kweli marais wameuawa, kuna uwezekano mkubwa wa machafuko makubwa kuzuka. Siku hiyohiyo, wanangu, hakungoja wiki iishe. Nyaraka hizo zilikuwa za siri, zikaja kufunguliwa baadaye, nami nilizisoma kikarani: tarehe, kutoka kwa, kwenda kwa, hatua iliyochukuliwa.

Safu ya mwisho ndiyo iliyokuwa tupu.

Wamarekani waliondoa watu wao, ubalozi wa Kigali ukafungwa katika siku chache. Yeye akabaki na simu. Alikuwa anatega saa imwamshe saa nane za usiku kwao ili awapate wakubwa wa jeshi la Rwanda asubuhi kwao. Tarehe 28 Aprili alizungumza na Kanali Théoneste Bagosora, yule ambaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilikuja kumtia hatiani, akamwambia mauaji yakome. Tarehe hiyohiyo watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo kuingia Ngara, na ndani ya siku moja hivi walivuka karibu robo milioni. Wazee wa Kagera wanaikumbuka siku hiyo. Na mimi nikiziweka tarehe hizi mbili pamoja, simu upande mmoja na daraja upande mwingine, hushindwa kuendelea kusoma.

Hata suala la redio alilipeleka. Ile redio iliyokuwa ikitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Akataka izibwe mawimbi. Jibu la wizara ya ulinzi ya Marekani lilikuja Mei, na ndani yake mlikuwa na hesabu: ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu dola 8,500 hivi kwa kila saa ya kuruka, na faida yake haikuonekana. Nimeona majibu ya namna hiyo mengi sana maishani. Yana lugha safi, yamepigwa chapa vizuri, na kila mara yana hesabu ya gharama za kufanya. Gharama za kutofanya sikuwahi kuzikuta kwenye jalada lolote.

Watu wapatao laki nane wakafa.

Najua mtakachoniuliza. Basi kuandika kulimsaidia nani? Nimeulizwa hivyo na mjukuu wangu, na sikuwa na jibu tamu. Kigali hakukumsaidia mtu. Na yeye mwenyewe alikuwa sehemu ya serikali hiyo, hakujiuzulu. Ila leo hakuna mkubwa wa Washington wa wakati ule anayeweza kusimama kama yule kijana wa shuleni, atoe simu mfukoni na kutabasamu. Karatasi ipo.

Ngoja niwaambie langu, ili msidhani nawahubiria nikiwa juu ya mnazi. Miaka ya themanini, katika ofisi ambayo sitaitaja, tulipokea barua ya mzee mmoja wa kijijini. Mwandiko wa kulala upande, wino wa buluu. Daraja lao la magogo limeoza, watoto wanapita hapo kwenda shule. Bosi aliandika pembeni herufi mbili, PA, maana yake lirudishwe kabatini. Nikalirudisha. Baada ya masika ikaja ya pili, mwandiko uleule. PA. Mwaka uliofuata ikaja ya tatu, safari hii amechora na mchoro wa daraja kwa kalamu ya risasi, ameweka mishale. PA. Karani ana uwezo wa kulitoa jalada kabatini na kuliweka tena mezani kwa bosi, kama kwa bahati mbaya, asubuhi hata tatu mfululizo. Nilijua hilo. Sikufanya, kwa sababu bosi yule alikuwa mkali na mimi nilikuwa nangoja kupandishwa daraja.

Barua ya nne ilikuja kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Ilisema babu hataandika tena, alikuwa darajani.

Nikaipa namba ya folio. Kumi na saba.

Kwa hiyo ninapomsema yule kijana wa ufa najua ninasema nini.

Sasa turudi kwa mama yetu. Mwaka 1996 alipelekwa Nairobi kuwa balozi. Ubalozi wenyewe ulikuwa katikati ya jiji, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, umesimama kando ya barabara, magari na matatu na wauza karanga wakipita ubavuni. Baada ya balozi zao kulipuliwa Beirut, tangu 1985 Wamarekani walishajiwekea kanuni kwamba jengo la ubalozi linapaswa kukaa futi 100 kutoka barabarani, yaani mita thelathini. Nairobi haikuwa na nafasi hiyo hata kidogo. Bushnell akaandika. Akajibiwa. Akaandika tena mwishoni mwa 1997. Jenerali Anthony Zinni, aliyekuwa mkuu wa majeshi yao ya kanda ile, naye akasema jengo liko hatarini na akajitolea kuleta wataalamu. Ikashindikana. Mwaka 1998, miezi michache kabla ya mlipuko nitakaoueleza, akaruka ngazi zote na kumwandikia waziri mwenyewe, Madeleine Albright, barua yake binafsi.

Jibu mnalijua hata kabla sijaandika, maana mmeshaanza kulizoea: kasma, yaani fungu la bajeti, haina fedha. Nairobi ilipangwa daraja la kati la hatari, kwa hiyo foleni yake ilikuwa nyuma. Sisi Dar es Salaam tulipangwa daraja la chini. Na huko makao makuu, wapo waliokuwa wameshaanza kumwona yule mama kuwa ni kero, mtu aliyeshikwa na wazimu wa usalama.

Msumbufu, au siyo?

Hapa kuna tarehe nyingine ninayoipenda kwa ubaya wake. Machi 25, 1998, Rais Clinton alitua Kigali, hakutoka uwanja wa ndege, na pale pale akakiri kwamba dunia haikufanya vya kutosha mwaka 1994. Watu walilia. Majira hayohayo, barua za mama yuleyule aliyeonya mwaka 1994 zilikuwa zinajibiwa kwamba fedha hakuna. Serikali inaomba radhi kwa onyo la zamani huku imelikalia onyo jipya. Msicheke, na sisi tunazo hizo.

Ijumaa, 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi imepita kidogo. Bushnell alikuwa jengo la jirani, Co-operative House, ghorofa ya juu kabisa, katika mazungumzo na waziri wa biashara wa Kenya. Lori liliingia nyuma ya ubalozi. Mlinzi Mkenya, asiye na silaha, alikataa kufungua. Ukasikika mshindo wa kwanza, mdogo, na watu wa majengo yote wakakimbilia madirishani kutazama. Ndipo ukaja ule mkubwa. Ndiyo sababu Nairobi ina vipofu wengi wa siku ile: vioo viliwakuta wamevielekezea nyuso. Jengo la Ufundi, lililokuwa na chuo cha makarani na wapiga chapa, liliporomoka lote. Walikufa watu 213, Wamarekani kati yao 12. Balozi mwenyewe alizimia, akazinduka, akateremka ngazi gizani katika msururu wa watu wanaovuja damu, naye akivuja.

Dakika zilezile, hapa Oysterbay, barabara ya Laibon, lililipuka la kwetu. Sisi mjini tulisikia mshindo, tukadhani ni transfoma. Watu 11 waliuawa, hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Inasemekana boza la maji lililokuwa getini lilikinga mengi. Hapakuwa na balozi wakati ule, alikuwepo kaimu, John Lange. Daraja la chini la hatari!

Tume ya Admirali William Crowe ikachunguza, na Januari 1999 ikatoa taarifa. Nimeisoma. Inasema wazi kwamba fedha zilikosekana na maonyo hayakupewa uzito, kisha inasema hakuna mtumishi hata mmoja aliyekiuka wajibu wake. Kosa ni la mfumo. Hapo ndipo ninapoisema Marekani, na sisemi kwa kunong'ona. Mfumo ni nani? Mfumo una kalamu? Mfumo ndio ulioandika kwamba fedha hakuna? Wakenya walioachwa vipofu wamezungushwa miaka na miaka kuhusu fidia, na wengi wanalalamika hadi leo. Wapo pia Wakenya wasiosahau jinsi askari wa ubalozi walivyouzingira kwanza uzio wao wakati raia wanachimba kifusi kwa mikono. Lawama nyingi zilimwangukia balozi, na nyingine zilikuwa za haki, maana yeye ndiye aliyekuwa uso wa nchi yake.

Leo balozi zao zote mbili zimehamia kwenye viwanja vipana, Gigiri kule, Msasani huku. Fedha zilipatikana.

Baada ya Nairobi alipelekwa Guatemala, 1999 hadi 2002. Kisha akafundisha uongozi katika chuo cha wizara yao hadi alipostaafu, na baadaye akaandika kumbukumbu zake. Huko sikai sana. Mtu aliyeonya mara mbili na kuzika mara mbili, mengine yote ni kumalizia safari.

Mengine ninayotaka kuwaambia nayataja tu, mtayachambua wenyewe. Kila unachokiandika, weka nakala yako, na isikae ofisini peke yake. Andika tarehe, karatasi isiyo na tarehe ni kama mtoto asiye na jina. Andika kwa adabu, usimtukane mkubwa, maana tusi moja litampa sababu ya kulitupa jambo lote. Usiandike kumi kwa siku, utachosha watu. Dereva na mlinzi waulize kwanza, wanaona kabla yako. Na picha ya simu, hata iwe nzuri namna gani, haina namba ya folio.

Lakini siwezi kuwaachia ninyi mzigo wote. Sisi wazee ndio tuliowafundisha. Mtoto akisema mezani kwamba mboga imechacha, tunamwambia hana adabu. Mkutano wa kijiji, anayeuliza mapato na matumizi anaambiwa ana ajenda yake. Semina ya siku tatu, posho imelipwa, chai imenyweka, na mtu anayenyanyua mkono dakika za mwisho kusema "lakini jamani" anatazamwa kama mwizi wa muda. Methali ya ufa na ukuta tumeigeuza ya kuandika kwenye khanga. Kila mama mtaani anayo kiunoni, na ukuta wa shule ukaanguka juu ya mguu wa mlinzi. Halafu akitokea wa kukiri kwamba aliona akanyamaza, tunampigia makofi tukiita ukweli. Mimi naona aibu ya wale waliopiga makofi kuliko ya kijana mwenyewe. Yeye ana miaka ishirini na sita. Sisi je?

Na kwako wewe kijana wa ufa, ambaye jina lako sitalitaja wala sitaruhusu mtu alitaje: sina kinyongo nawe. Picha uliyoipiga ni ya mtu anayejua kazi yake. Ulikiweka kidole pembeni ili upana uonekane. Asiyejali hafanyi hivyo. Mke wangu anasema nilikusema kwa ukali pale mkutanoni, na huenda ni kweli. Nimeshakwenda kwa mlinzi. Anakuulizia.

Njoo nyumbani Jumamosi, alasiri, jua likipungua. Karatasi ninazo, na kalamu ya wino ya ofisini niliyosahau kuirudisha nilipostaafu, Mungu anisamehe. Pitia kwanza pale shuleni, zunguka nyuma, upande wa darasa la nne. Mjukuu wangu anakaa dirisha la pili na ananiambia kuna mstari ukutani ambao mwezi uliopita aliweza kuingiza kalamu, na sasa anaingiza rula. Upime. Tuandike kwa mkurugenzi, nakala kwa mwalimu mkuu, nakala kwa kamati ya shule, nakala kwako, nakala kwangu. Jumatatu saa mbili masjala yao inafunguliwa. Tutakuwa mlangoni, na hatutaondoka mpaka wapige muhuri.

Ni mimi mzee wenu,
Mstaafu wa masjala, Dar es Salaam